Shanga 800 na Mshahara wa Majani Chai

Wasee, Jumamosi iliyopita saa nane usiku nilikuwa nimekaa chini kejani nikifumua kitu kilichonichukua siku tisa kukifuma. Mara ya tatu. Shanga zilikuwa zinaruka kwa sakafu, tap tap tap, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake na fimbo ya ufagio. Sikumlaumu. Hata mimi ningejigonga.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni kijana wa miaka 23, niliacha chuo mwaka wa tatu, na siku hizi nafuma. Ndiyo, na sindano mbili, kama shosho yako. Nilianza na marvin za kuuza mtaani, nikaenda kwa sweta, halafu nikajiona fundi. Mwezi wa pili dada mmoja akaniagiza mtandio wa lesi wenye shanga, wa kujitanda siku ya ruracio yake. Tukaelewana elfu nne. Nikafikiri hiyo ni pesa rahisi. Manze, sikujua.

Wacha niwaeleze shida iko wapi. Lesi ya kufuma ni kazi ya kutengeneza mashimo makusudi. Unazungusha uzi juu ya sindano, shimo linatokea. Mahali pengine kwa mstari huo huo unaunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, ndiyo hesabu ibaki vile ilikuwa. Mtandio wangu una vitanzi 121 kila mstari: maua 10 ya vitanzi 12, na kimoja cha pembeni. Ukisahau kuzungusha uzi mara moja tu, ua moja linakosa kitanzi na maua yote yanayofuata yanasonga hatua moja. Na hutaona hapo hapo. Mimi nilikosea mstari wa 64 nikagundua mstari wa 70, wakati ushanga uliofaa kukaa katikati ya ua ulikuwa umekaa pembeni kama mtu amekosea matatu.

Sasa ongeza shanga. Kila mstari wa nne, kwa kila ua, unachukua ushanga mdogo na ndoano nyembamba ya kroshia, unauvisha kitanzi, unasonga mbele. Mistari 320, shanga 800. Ukifumua mstari, hufumui uzi peke yake. Unavua na shanga, moja moja. Na lesi ina tabia mbaya: pale kwenye mashimo, kitanzi kikitoroka sindano kinakimbia chini mistari kadhaa kabla hujapiga kelele. Kukishika tena na kujua kilitoka wapi ni kama kutafuta mtu Gikomba Jumamosi.

Niliweka video ya huo msiba. Komenti mbili zikanikaa kichwani. Ya kwanza: "Buda, hiyo si ni kazi ya mashosho?" Ya pili: "Shanga ni zetu, lakini lesi achia wazungu." Sikuwa na jibu la maana. Na wiki hiyo hiyo duka moja la nyuzi likanitumia ujumbe. Walitaka video tatu za kazi yangu. Malipo? Mafungu kumi ya uzi, na ati nitaonekana na watu wengi. Nikasema nitafikiria. Badala ya kufikiria nikaanza kusoma historia ya hii kazi, na huko ndiko nilipata majibu ya wote watatu.

Tuanze na hiyo ya wazungu. Kati ya vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano ambavyo bado viko duniani, vingi vilitoka Misri. Ni soksi na vipande vya soksi vya pamba, buluu na nyeupe, vya karibu karne ya 11 hadi ya 14. Vingine vina mapambo yaliyofuata umbo la herufi za Kiarabu. Na si kazi ya mwanafunzi, ni kazi safi ya mtu aliyekuwa amezoea. Kule Uhispania, kwa makaburi ya kifalme ya Burgos, kulipatikana mito ya hariri ya karne ya 13 iliyofumwa laini sana, na wataalamu wengi huamini iliundwa na mafundi Waislamu. Kwa hivyo hizi sindano zilikuwa mikononi mwa watu wa bara hili mapema sana. Mtu akikuambia ufumaji ulizaliwa Uingereza, mwambie asome tena.

Na hiyo ya mashosho? Ufumaji ulipofika miji ya Ulaya ukawa biashara yenye faida, vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume. Kijana alikuwa anakaa chini ya fundi kwa miaka, kisha anafuma kazi ya mtihani ndiyo akubaliwe. Kazi ilianza kuitwa ya wanawake baadaye, mashine zilipochukua soko kubwa na ile ya mkono ikabaki nyumbani. Na ikishaitwa ya wanawake, angalia vile bei yake ilienda.

Hapo ndipo nilifika Shetland.

Shetland ni visiwa vilivyo kaskazini kabisa mwa Uskoti. Baridi, upepo, mawe, kondoo. Kuanzia karibu miaka ya 1830 na 1840 wanawake wa huko, hasa wa kisiwa cha Unst, walipata jina kwa shali za lesi. Sufu laini ya shingoni mwa kondoo hawakuikata na makasi, waliinyonyoa kwa mkono. Wakaisokota nyembamba mpaka ikawa kama unywele. Shali ya mraba, kubwa ya kumfunika mtu mzima mabega mpaka magoti, ungeweza kuipitisha yote ndani ya pete ya ndoa. Ndiyo maana mpaka leo zinaitwa shali za pete. Sisi husema chanda chema huvikwa pete. Kule pete ilivikwa shali. Malkia Victoria mwenyewe alivaa lesi ya Shetland, na mwaka 1851 ilionyeshwa London kwa yale Maonyesho Makubwa.

Picha za zamani za huko zilinishtua. Mama amebeba mgongoni kapu la mboji kavu, ile wanayochoma kama kuni, anatembea njiani, na mikono yake inafuma. Nimeona hiyo picha maisha yangu yote, wasee. Ni mama wa Kikuyu ama wa Kikamba anayetoka shambani na mzigo mgongoni, vidole vinasuka kiondo. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Ni vile tu siku ya mwanamke maskini haikuwa na nafasi ya kukaa.

Sasa shika hapa. Hao wanawake walikuwa wanavisha malkia. Walilipwa nini? Wengi hawakulipwa pesa. Mfanyabiashara alichukua shali, akatoa majani chai, kitambaa, vitu vya dukani mwake. Wakati mwingine alitoa kikaratasi cha deni, nacho kikaratasi hukipeleki popote isipokuwa kwa duka lile lile. Mama akitaka unga, ama pesa ya kulipia nyumba, ilibidi azunguke akitafuta wa kubadilishana naye hayo majani chai, mara nyingi kwa hasara. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1872 tume ya serikali ya Uingereza ikafika huko kuchunguza. Wanawake wakaitwa kutoa ushahidi, mmoja mmoja, wakaeleza vile mtu anaweza kuwa na chai nyingi nyumbani na hana chakula.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mafungu kumi ya uzi na kuonekana. Majani chai, wasee. Wananipea majani chai.

Tukienda upande wa shanga, kumbuka mwaka huo huo 1872. Kwetu shanga zilikuwa na historia ndefu kabla ya meli yoyote ya Ulaya. Kwa pango la Enkapune ya Muto, kwa mteremko wa Mau karibu na Naivasha, kulichimbuliwa shanga za ganda la yai la mbuni za karibu miaka 40,000 iliyopita. Mtu alikaa hapo akavunja ganda, akatoboa tundu, akasugua ukingo mpaka ukawa mviringo. Na ganda la yai hupasuka ukilitazama vibaya. Huyo mtu alijua hasira yangu ya saa nane usiku.

Shanga za kioo zilikuja kwa Bahari ya Hindi, kwanza nyingi kutoka India na pande za Asia. Kufikia karne ya 19 zilizokuwa zinamiminika Zanzibar na kwenda bara zilikuwa nyingi za Venice, Italia. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba kulikuwa na karibu aina 400 za shanga sokoni. Nyekundu ziliitwa samisami, na alieleza kuwa zilikuwa na jina la utani la kumaliza chakula, kwa sababu mtu angekubali kukosa mlo ndiyo azipate.

Watu hutuambia hadithi moja tu: ati mababu zetu walidanganywa na vioo. Hiyo hadithi ni ya uvivu. Wateja wa bara walikuwa wakali kuliko wateja wa Instagram. Stanley alipokuwa Zanzibar mwaka 1871 akijitayarisha kumtafuta Livingstone, aliumwa kichwa na shanga. Zile nyeusi zilikuwa pesa Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani. Zile zilizopendwa Ujiji, mahali pengine hakuna aliyezitaka. Ukikosea rangi, umebeba mizigo ya takataka miezi mingi. Mama wa kijijini akibadilisha mawazo kuhusu rangi, mfanyabiashara alibaki na magunia. Hiyo si akili ya mtu aliyedanganywa. Ni soko lenye watu wanaojua wanachotaka.

Lakini pia sitaki tupake hii hadithi sukari. Shanga hizo hizo zilinunua pembe za ndovu, zilinunua chakula cha misafara, na zilinunua watu. Na mpagazi, yule aliyebeba mzigo kichwani kutoka pwani mpaka maziwa makuu, njiani alipewa posho yake kwa kitambaa na shanga, akatafute mwenyewe wa kumuuzia chakula. Akifika mahali ambapo hiyo rangi haipendwi, njaa ni yake.

Kwa hivyo miaka ile ile, kule Unst mama anafuma lesi analipwa majani chai, na huku Ugogo mpagazi anabeba mzigo anapewa shanga. Hawakujuana. Lakini hesabu yao ni moja: yule mwenye duka ndiye anachagua thamani ya malipo, na hasara ya kubadilisha inabaki kwa mwenye mikono.

Lesi na shanga pia zilikuwa zimekutana kabla yangu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Ujerumani na Austria kulikuwa na mtindo wa vijifuko vya pesa vilivyofumwa kwa shanga. Kuna mbinu ambapo shanga zote huingizwa kwa uzi kabla hujaanza kufuma, kwa mpangilio wa picha, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Maelfu. Ukikosea ushanga mmoja kwa mpangilio, waridi lako linaota jani jekundu, na utajua ukiwa umeshafika katikati. Nilipojua hivyo niliacha kujihurumia kidogo. Nyingi za shanga ndogo za kioo zilitoka Venice na Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Na hizi shanga ndogo ndogo tunazoona kwa mikufu ya Wamaasai na Wasamburu leo? Nyingi bado zinatoka huko Ucheki. Mpangilio, rangi na maana ni zetu. Kioo kimesafiri.

Na sindano zilifikaje kwa shosho yangu? Nilimpigia simu. Yuko Murang'a, na huniita mume wangu kwa sababu nilipewa jina la guka. Akaniambia alifundishwa na mamake, na mamake alifundishwa kwa kikundi cha akina mama miaka ya hamsini. Hapo nikaunganisha. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, wakati serikali ya kikoloni inatangaza hali ya hatari. Vikundi vilifundisha kushona, kufuma, kupika, kulea watoto, na wakoloni walitarajia kwamba mama akiwa na sindano mkononi hatakuwa na muda wa kupelekea Mau Mau chakula msituni. Hiyo ilikuwa hesabu yao. Hesabu ya akina mama ilikuwa tofauti: walichukua ujuzi. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza hiyo jumuiya. Na vitambaa vya makochi vikaenea kila sebule ya Kenya mpaka leo hatujui kukaa bila hivyo.

Shosho alifuma sweta za shule miaka ya themanini. Nikamuuliza alikuwa analipwa vipi. Akacheka. "Mwenye duka alichukua sweta, akaandika kwa kitabu. Mimi nikachukua sukari na mafuta. Mwisho wa mwezi kitabu kilisema mimi ndiye nina deni lake."

Nikanyamaza. Hajawahi kusikia kuhusu Shetland.

Halafu nikamwambia kuhusu mtandio. Akauliza, "Umeweka uzi wa akiba?" Uzi gani? Akanieleza kama mtoto. Kila ukimaliza safu ya maua na umehesabu ukaona iko sawa, chukua uzi mwembamba wa rangi nyingine, uupitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vitanzi vyote. Uache hapo. Ukikosea mbele, fumua bila woga; uzi huo utashika vitanzi vyote 121, huwezi kuanguka chini yake. Mara tatu nimefumua mtandio mzima kwa sababu sikujua kitu cha dakika tano ambacho shosho wangu alikijua kabla mamangu hajazaliwa.

Mkianza kuniandikia kwamba hata maisha ni hivyo, unafumua unaanza upya na uzi unabaki, subirini kidogo. Nimeambiwa hivyo sana tangu niache chuo. Si kweli yote. Uzi uliofumuliwa hubaki umejikunja vile ulivyokuwa, na ukiufumua mara tatu unatoa manyoya, unadhoofika. Mita kadhaa ilibidi nizitupe. Kuna gharama. Ninachojua ni kwamba gharama hiyo hakuna anayeiandika mahali popote. Kwa shali ya malkia huoni mistari iliyofumuliwa. Kwa kitabu cha mwenye duka haiko pia.

Basi mara ya nne niliandika. Daftari la mia, kalamu, kila saa. Mtandio uliisha Jumatano. Jumla ya saa 71, na kati ya hizo 26 ni za kufumua na kurudia. Uzi na shanga nilinunua kwa 1,450. Toa hiyo kwa elfu nne, gawa. Nilikuwa nalipwa bob 36 kwa saa. Nilimwonyesha yule dada hilo daftari. Sikumwongezea bei, kwa sababu mapatano ni mapatano na makosa yalikuwa yangu. Lakini nilimwambia wa pili atalipa elfu tisa. Akasoma ukurasa mzima, mpaka ile mistari ya "kufumua, saa 4." Akasema hakujua.

Wale wa duka niliwajibu: uzi nitachukua, lakini juu ya pesa, si badala ya pesa. Nikataja kiasi. Mpaka leo wamesoma, hawajajibu. Najua kuna kijana mwingine atakubali, na simlaumu, kodi ni kodi. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa nyuzi pia unahitaji kula.

Ijumaa nilipeleka mtandio Murang'a kuuonyesha kabla ya kuukabidhi. Nilikuwa nimeuloweka, nikauvuta na kuubana na pini kwa godoro mpaka ukakauka, na hapo ndipo lesi hufunguka. Vile vitanzi vilivyokuwa kama kitambaa cha kupangusia vyombo vikawa maua. Shosho akavua pete yake, akasema tujaribu ile hadithi yangu ya Shetland. Tukaanza kuupitisha. Ukaenda, ukaenda, halafu safu ya tatu ya shanga ikakwama kwa pete. Tukavuta kidogo. Ikakataa.

Akauvua polepole asiuharibu, akapitisha kidole kwa ukingo akihesabu maua kimya kimya. Kumi. Akarudia tena. Kumi. Kisha akasema tunywe chai, lakini kwanza nimwambie huyo dada atanilipa lini.